Mashuka ya Watu Wasiokuwepo

Nimefua mashuka miaka ishirini na sita ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na mengi katika hayo hakuna binadamu aliyeyalalia. Ninyi vijana mnaoajiriwa sasa kwenye maloji ya watalii, mnaobonyeza kitufe mashine ikazunguka huku mnachezea simu, mkisikia mzee anasema kazi ilikuwa ngumu mnadhani anazungumzia maji baridi. Maji yalikuwa baridi, ndiyo. Asubuhi ukitumbukiza mikono ulikuwa unasahau una vidole vingapi. Lakini baridi unaizoea. Kazi ngumu ni kufua kitu ambacho ni safi.

Mimi ni Boay, Mmbulu wa Endamarariek. Shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nililisoma kwa vipande, kwa sababu ng'ombe wa baba hawakuwa na likizo. Sioni aibu kulisema. Nyumba ninayokaa nimeijenga mwenyewe, tofali za kuchoma na bati, na hapa kwangu wamekaa watu wenye vyeti wakiniomba ushauri. Kwa hiyo sikilizeni kwanza, mcheke baadaye. Mtacheka, najua. Hata mimi nacheka sasa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Shabani, dobi mkuu, mtu wa Kondoa, mwenye kikohozi kingi na maneno machache. Siku ya kwanza aliniwekea shuka mbele, akaniuliza, "Limekauka?"

Nikalishika. "Limekauka, mzee."

Akanipiga nalo usoni. Lilikuwa bichi kama ulimi wa ng'ombe.

"Umelishika na nini?"

"Na mkono."

"Mkono wa dobi ni mwongo. Unashinda kwenye maji, haujui tena maji ni kitu gani. Weka shavuni."

Hilo mlichukue hata leo, na mashine zenu. Shuka hupimwa kwa shavu, na ukiwa na mashaka, kwa mdomo wa juu. Na pasi ya mkaa, kama bado mnayo ya kutumia umeme ukikatika, ipeleke nje kwanza uibembeze kama mtoto ili majivu yatoke. Mwenzangu mmoja aliivuvia majivu ndani ya chumba cha kupigia pasi, na foronya kumi na mbili zikawa na madoa kama ngozi ya chui. Mzee Shabani hakumgombeza. Alimwambia, "Sasa tafuta chui kumi na wawili waje kulala."

Kosa langu mwenyewe la kwanza lilikuwa la nyati. Kule ukingoni nyati hula majani mpaka mlangoni pa jiko. Nilisahau shuka kwenye waya, asubuhi nikalikuta dume moja limelivaa kwenye pembe, limesimama kwenye ukungu kama bibi harusi. Likaingia nalo msituni. Meneja wetu alikuwa mtu wa karatasi. Wakati ule kila mtu nchini alikuwa Ndugu, ila yeye tulimwita Bwana Meneja kwa kuwa alipenda hivyo. Akatoa fomu ya upotevu wa mali.

"Nani amechukua?"

"Nyati, Bwana Meneja."

"Nyati gani?"

"Mkubwa."

Akaandika: *Mkubwa.* Kisha akauliza, "Umechukua hatua gani kurudisha mali?"

"Nimemwita, Bwana Meneja. Hakugeuka."

Hilo nalo akaliandika. Nawaambia hivi ili mjue mtu niliyekuwa nafanya naye kazi. Hakuwa mbaya. Aliogopa tu kwamba siku moja atakuja mtu kutoka juu, aulize swali, na karatasi isiwepo.

Sasa, ukutani kwenye chumba cha kufulia kulikuwa na karatasi moja ndani ya kioo, imeandikwa Utaratibu wa Kufua. Mimi kusoma kulinichukua wiki nzima, lakini nilipoimaliza sikuisahau. Kila Jumatatu na kila Alhamisi mashuka ya vitanda vyote arobaini yatavuliwa. Yatafuliwa. Yataanikwa kwenye waya ulioko nyuma ya jiko kuanzia saa mbili asubuhi. Yataanuliwa saa kumi. Yatatandikwa kabla ya saa kumi na moja. Mwisho kulikuwa na sahihi ndefu yenye mkia.

Aliyeandika hakuwahi kusimama nyuma ya jiko. Ukungu wa ukingoni una nyumba yake, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya jiko letu. Pale jua lilikuwa linakuja kama mgeni wa heshima, linakaa dakika kumi linaaga. Saa kumi ukiyaweka mashuka shavuni yalikuwa mabichi. Na saa kumi na moja tulikuwa tunayatandika hivyo hivyo mabichi, kwa sababu karatasi ilisema yatandikwe, haikusema yawe yamekauka. Kuna mzungu mmoja aliamka asubuhi akatuuliza kwa adabu kama paa linavuja.

Kisha mpaka na jirani zetu wa Kenya ukafungwa, na wageni, ambao wengi walipitia huko, wakakatika kama maji ya bomba. Wiki ikapita bila gari. Mwezi ukapita. Vyumba arobaini, na ndani yake mende na hewa. Mimi nikasema moyoni, sasa nitapumzika. Jumatatu Bwana Meneja akaja, "Boay, mbona mashuka hayako kwenye waya?"

"Hakuna aliyelala, Bwana Meneja."

"Karatasi inasema yaliyolaliwa?"

Haikusema.

Basi tukafua. Mashuka safi tuliyavua, tukayafua, tukayaanika kwenye ukungu, tukayarudisha mabichi kwenye vyumba vilivyofungwa. Yakaota ukungu mweusi, yakanuka. Bwana Meneja alikuwa akinusa anasema, "Mnaona? Msingekuwa mnafua ingekuwaje?" Yalinuka kwa sababu tuliyafua, na tuliyafua kwa sababu yalinuka. Mzee Shabani alistaafu katikati ya mambo hayo, akarudi Kondoa, akaniachia pasi na kikohozi. Mimi nikawa dobi mkuu, na chini yangu hakuna mtu.

Miezi ikapita nikaanza kuugua ugonjwa usio na jina. Sikuwa na homa. Nilikuwa nasimama kwenye karai nikiangalia mikono inasugua, nikaona si yangu, ni ya ile karatasi. Mke wangu Pascalina aliniuliza nikiwa likizo, "Unataka ugali au makande?" nikamjibu, "Imeandikwaje?" Alikiweka chini kijiko. Alikuwa na mtoto wetu wa kwanza mgongoni. "Boay," akasema, "wewe umeoza kama hayo mashuka yako."

Kuacha kazi sikuweza. Shamba la kwetu lilikuwa limekwisha kugawanywa, kaka zangu wamechukua, mimi nikaambiwa una mshahara. Na fununu zilikuwepo kwamba watu watapunguzwa, na orodha iko kwenye droo ya Bwana Meneja. Nikifukuzwa, ningeenda kukaa kwa kaka na mke na mtoto, niambiwe leo chunga wale, kesho chunga hawa. Niliogopa hilo kuliko nyati.

Basi Alhamisi moja nilisimama kwenye chumba namba kumi na nne. Nimeshavua shuka moja. Nikaliweka shavuni. Lilikuwa kavu, sijui kwa nini, labda dirisha lile lilipata upepo. Nikalitandika tena. Nikafunga mlango, nikatembea kwenye ukumbi nikinyata kama mwizi. Siku nzima nilingoja dunia ianguke. Haikuanguka. Jioni nilikula wali wote, nikaomba mwingine.

Nikagundua kanuni yangu hapo, na ndiyo ninayotaka kuwaachia, maana nyingine sina. Kama huwezi kubadili jambo kubwa, badili dogo, dogo kiasi kwamba bosi wako akiliona ataona aibu kuliuliza. Lakini libadili wewe. Nilikuwa nakoka moto wa boila la maji ya wageni kisha nakunywa chai. Nikaanza kunywa chai kwanza. Nilikuwa naanika kutoka kulia, nikaanza kushoto. Vibanio nikavipanga kwa rangi. Mnacheka. Jaribuni kuwa mtu aliyekwisha halafu mpange vibanio kwa rangi, mtaniambia.

Kisha nikaja kwenye waya. Waya ulifungwa kwenye nguzo mbili za miti, na nguzo hazikuzikwa sana. Kila asubuhi, kabla Bwana Meneja hajaamka, nilikuwa nazisogeza kiganja kimoja kuelekea kwenye uwazi wa upande wa machweo, ambako upepo unapita. Kiganja kimoja, basi. Nashindilia udongo, naweka majani juu. Waya ule ulitembea kama kinyonga, hakuna aliyeuona ukienda. Baada ya miezi miwili na kidogo ulikuwa umeiacha nyumba ya ukungu, uko penye upepo, na mashuka yakaanza kukaribia ukavu.

Ila Bwana Meneja alihisi kitu. Siku moja nilimkuta amesimama nje, mikono kiunoni.

"Boay. Jiko limesogea?"

"Jiko, Bwana Meneja? Jiko ni la mawe."

"Najua ni la mawe."

Akatembea kutoka mlango wa jiko mpaka ofisini akihesabu hatua. Akarudi akihesabu tena. Mpishi akatoka na mwiko mkononi kuangalia. "Bwana Meneja, umepoteza kitu?"

"Nyinyi hamuoni? Kuna kitu hapa."

"Kitu gani?"

"Ningekijua ningekuuliza wewe?"

Wiki ile alipima ofisi yake kwa futi ya fundi, akaiandika kwenye daftari. Nilimhurumia. Lakini sikuurudisha waya.

Kukaribia ukavu siyo kukauka, hata hivyo. Ukiwa ukingoni uko ndani ya wingu, utafanya nini? Hapo ndipo akaingia Mama Naserian. Huyu alikuwa mke wa mzee Koinet, mfugaji ambaye boma lake liko chini ya ukingo upande wa machweo, njia ya kwenda Endulen. Mama Naserian alikuwa anatuletea maziwa kwa punda, sisi wafanyakazi, na punda walikuwa wanarudi mgongo mtupu. Mwendo wa saa moja hivi kushuka kwenda kwao, ukungu unakatika kama umekatwa kwa panga, upande wa pili ni jua na upepo mkavu mpaka macho yanauma. Nilikuwa nalijua hilo miaka yote. Sikuwahi kulifikiria, kwa sababu halikuwa kwenye karatasi.

Nikaanza na mashuka manne. Nikayafunga kwenye punda, nikashuka nayo, nikayatandaza juu ya vichaka vya leleshwa. Majani ya leleshwa yananukia vizuri, vijana wa Kimasai huyaweka kwapani wakienda kwa wasichana. Kabla ya saa sita nikaliweka moja shavuni. Ndugu zangu, lilikuwa kavu. Kavu kabisa, la moto, linanukia. Nilikaa chini. Nilikuwa nimefua miaka kumi na kitu na sikuwahi kujua shuka lililokaushwa na jua likoje.

Mzee Koinet alikuja akasimama kwa mguu mmoja, fimbo begani. "Mmbulu wangu, unalia?"

"Ni upepo."

"Babu zako walikuja hapa kuiba ng'ombe, wakatoroka wanalia hivyo hivyo."

"Ni babu zako walioiba kwetu!"

"Basi tuseme walipishana njiani."

Tukawa marafiki tangu siku hiyo, yeye akinitukana na mimi nikimtukana.

Habari ikaja kwamba mkaguzi kutoka makao makuu anapanda. Bwana Meneja hakula siku mbili. Alituambia wazi kwamba mkaguzi ndiye mwenye orodha ya kupunguza, yeye anashika nakala tu, na mkaguzi atapita chumba kwa chumba akigusa vitanda. "Vitanda arobaini, Boay. Vitandikwe vyote. Nikikuta kimoja hakina shuka, jina lako nalipeleka mimi mwenyewe."

Nikaenda stoo kuchukua sabuni. Hakuna sabuni. Mnakumbuka hadithi za wazazi wenu kuhusu miaka ile, sabuni ilikuwa inatafutwa kama dhahabu, na kwetu ilikuwa imebaki kipande ambacho panya amekilia upande mmoja. Mashuka themanini. Siku mbili.

Nikasema, kanuni yangu ni ipi? Badili kidogo. Mpishi alikuwa na gunia la magadi kutoka Eyasi, ya kupikia makande na maharage. Magadi yanatoa uchafu, kila mwanamke wa kwetu anajua. Nikayayeyusha kwenye maji ya moto, nikayaacha mchanga utue, nikachuja, nikafua. Yakatakata! Yakawa meupe kama maziwa. Kusuuza nilisuuza mara moja tu, kwa haraka, maana maji ya kusuuzia ni ya kubeba na muda umekwisha. Hapo tayari nilikuwa nimeshaharibu, ila sikujua. Nilikuwa nasikia fahari tu, nikiimba.

Asubuhi ya siku yenyewe Mama Naserian alikuja na punda wanne. Tukashuka na mashuka themanini na foronya zake. Vichaka vyote kuzunguka boma la Koinet vikawa vyeupe, utadhani kumeangukiwa na theluji. Nikapewa kibuyu cha maziwa ya mgando, nikanywa, jua likanipiga mgongoni. Sikuwa nimelala siku mbili. Nikajilaza kidogo.

Sasa nawauliza, ninyi ambao hata hamjachunga. Ng'ombe anapenda nini kuliko kitu chochote? Mimi nimekulia mgongoni mwa ng'ombe. Nikiwa na miaka sita nilikuwa napelekwa na baba kuwalambisha magadi, nawaona wanavyosukumana, wanavyofumba macho. Wale wa Koinet walikuwa na hamu ya chumvi ya muda mrefu, kwa sababu kushuka kreta kwenda kuilamba kulihitaji ruhusa. Siku zile hata ng'ombe alihitaji barua. Na mimi, mtoto wa wafugaji, nikaloweka mashuka themanini kwenye magadi, nikayatandaza mlangoni mwao, nikalala.

Niliamshwa na sauti ya kutafuna.

Ndama walianza, kisha mama zao wakaja kunywa maji wakasikia harufu. Wengine wananyonya ncha, wengine wanatafuna katikati, macho wamefumba. Ng'ombe mmoja mwekundu alikuwa anamalizia foronya, ncha inaingia mdomoni taratibu kama tambi. Na mzee Koinet amekaa kwenye kigoda chake, anatazama, ametulia kabisa.

"Koinet! Mbona hukuniamsha?"

"Kwa nini nikuamshe? Ulikuwa umemaliza kazi."

"Kazi gani?"

"Mtu anabeba nguo zenye chumvi kutoka mlimani, anaziweka mbele ya ng'ombe wangu, analala. Nikamwambia mke wangu, huyu Mmbulu leo amekuja kulipa wale ng'ombe aliowaiba babu yake. Tena kwa heshima, hataki kushukuriwa."

Niliokoa mashuka matatu, yaliyokuwa juu ya kichaka kirefu. Mengine yalikuwa na matundu ya kupitisha kichwa, yenye ute wa kijani. Nikayafunga yote, mazima na maiti, nikapanda mlima na punda mmoja. Sijawahi kupanda mlima mrefu kama ule.

Bwana Meneja alinikuta nyuma ya jiko, amevaa tai. Mkaguzi amekwisha kufika, yuko ndani anakunywa chai. Akafungua furushi, akaingiza mkono kwenye tundu, akautazama mkono wake ukitokea upande wa pili.

"Hili ni nini?"

"Namba ya chumba haisomeki. Nadhani la kumi na tisa."

Akakaa juu ya karai lililopinduliwa. Nikamweleza yote. Akasimama, akaninong'oneza, "Sema yameibiwa."

"Na nani?"

"Na hao hao. Wamasai. Nani atabisha? Polisi watakwenda kwenye boma, wataandika, yataisha."

"Yataisha kwa nani, Bwana Meneja? Watamchukua Koinet."

"Sikiliza wewe. Ukisema ng'ombe, wewe ni wa kwanza kwenye orodha. Ukisema wezi, nakutoa kwenye orodha leo hii. Una mtoto. Fikiri."

Nikafikiri. Nilimfikiria Pascalina na boma la kaka. Nilimfikiria Koinet kwenye kigoda chake, polisi wanamwuliza iko wapi foronya, na yeye, mtu asiyejua kudanganya, anawaonyesha ng'ombe mwekundu. Nilichukua mashuka mawili kati ya yale matatu, nikaenda kutandika kitanda kimoja, cha mkaguzi. Mtu mmoja hulala kitanda kimoja.

Mkaguzi alikuwa mwembamba, suti ya Kaunda, mafua yamemjaa. Alianza chumba cha kwanza: godoro tupu. Cha pili: godoro tupu. Cha tano akasimama. "Ndugu Meneja, magodoro yamevuliwa nguo?"

"Dobi ataeleza, Ndugu Mkaguzi," Bwana Meneja akasema, akinitazama, akinyoosha tai.

"Ndugu Mkaguzi," nikasema, "mashuka yameliwa na ng'ombe."

"Ng'ombe wa nani?"

"Wa jirani. Lakini jirani hana kosa, na ng'ombe hana kosa. Nilifua kwa magadi, nikatandaza mbele ya ndama, nikalala."

"Nani alikuagiza upeleke huko?"

"Hakuna."

"Nani alikuagiza magadi?"

"Hakuna."

"Na kulala?"

"Hilo pia, hakuna."

Akapiga chafya. "Ng'ombe ni wazima?"

"Mmoja amemeza foronya. Tunamsubiri."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa taarifa ya maana. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza pale. "Wiki iliyopita, nani alilala kwenye vitanda hivi?"

"Hakuna mtu."

"Mwezi uliopita?"

"Hakuna."

"Sasa mlikuwa mnafua nini?"

Bwana Meneja akakimbia, akarudi na kile kioo kutoka ukutani, amekikumbatia kama picha ya mtakatifu. "Utaratibu, Ndugu Mkaguzi!"

Mkaguzi akasoma kuanzia juu. Alipofika chini, kwenye sahihi ndefu yenye mkia, alivaa miwani. Akavua. Akavaa tena.

"Sahihi hii," akasema, "inafanana na yangu."

Nje nilimsikia mpishi akiangusha sufuria.

Alilala, asubuhi akatoka mafua yameachia, akauliza shuka limewekwa dawa gani. Nikamwambia ni leleshwa. Alitoa ile karatasi kwenye kioo, akaigeuza, akaandika nyuma kwa kalamu: *Shuka litafuliwa likishalaliwa.* Akaondoka, hajasema neno juu ya orodha.

Zikapita wiki tatu. Waliopunguzwa walipata barua zao, kila mtu akaitwa ofisini mmoja mmoja, wakatoka wameinamisha kichwa. Ng'ombe wa Koinet alipona, foronya ilitoka, sitaeleza zaidi. Kisha siku moja karani wetu Zuhura, msichana wa Karatu mjini, akaniita. "Kaka Boay, barua yako." Sikuwa nimewahi kupata barua maishani mwangu, na nilijua barua za ofisini ni za aina gani.

"Nisomee, dada."

Akafungua. "'Kwako Ndugu Boay, dobi. Unapewa onyo kali...' Onyo tu, kaka! Hufukuzwi, kaa chini. '...onyo kali, kwa kuwa kwa uamuzi wako mwenyewe, bila kuagizwa na mtu yeyote, ulibadilisha sabuni, ukabadilisha mahali pa kuanikia, ukabadilisha njia ya usafirishaji...'"

"Rudia hapo."

"Pa usafirishaji?"

"Nyuma kidogo."

"'Kwa uamuzi wako mwenyewe, bila kuagizwa na mtu yeyote.'"

"Tena."

Alinitazama kama naumwa, akarudia. Nilimfanya arudie mara nne. Kuna watu wenye vyeti vya ubatizo, vya ndoa, vya chuo. Mimi nina hiyo, iko ukutani kwangu mpaka leo, na sahihi ya serikali.

"Kuna nafasi hapa chini," Zuhura akasema, "utetezi wa mtuhumiwa. Uandike au usiandike, ni hiari yako."

"Andika: Ni kweli."

Akaandika. "Basi? Ni hayo tu?"

"Ongeza," nikamwambia, "kwamba yalikuwa yamekauka."